Mechi 880 Benchi: Steve Kerr na Shule ya Ukocha

Makocha wenzangu, wachezaji, na nyote mnaopenda kikapu, karibuni. Tuanze na hesabu ndogo. Steve Kerr, mchezaji aliyekuja kuwa kocha wa Golden State Warriors, alicheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, misimu 15, mechi 910 za msimu wa kawaida. Alizoanza ni 30. Toa hapo: mechi 880 aliingia akitokea benchi. Watu wakimtaja hukimbilia pete zake tano za ubingwa alizopata akiwa mchezaji. Leo nataka tukae kwenye hizo 880, kwa sababu ukocha wake umetoka humo.

Phoenix Suns walimchukua mwaka 1988 akiwa chaguo la 50 timu zilipogawana wachezaji wapya. Hakuwa na mbio wala mruko, na kwa urefu wa mita 1.91 hakuna beki aliyemwogopa kwa umbo. Alikuwa na mkono. Asilimia 45.4 ya mitupo yake ya pointi tatu iliingia, na hadi leo hakuna aliyempita kwa maisha yote ya uchezaji. Lakini mkono peke yake haumweki mtu kwenye ligi ile miaka 15. Tazameni mechi ya sita ya fainali za 1997, Chicago ya Kerr na Utah, 86 kwa 86. Kila mtu ukumbini anajua mpira ni wa Michael Jordan. John Stockton wa Utah anamwacha Kerr ili amzibe Jordan, wawili kwa mmoja. Jordan anatoa pasi, Kerr anatupa kutoka kama mita tano, zimebaki sekunde 5. Nyavu. Sasa mrudishe mkanda nyuma mtazame miguu yake: kabla mpira haujamfikia ameshageukia kikapu, magoti yamekunjwa, mikono iko kifuani. Kosa la vijana wengi ni kupokea kwanza, kisha kujipanga. Hiyo nusu sekunde inatosha kabisa beki kurudi.

Alipostaafu mwaka 2003 hakukimbilia ukocha. Alitangaza mechi kwenye televisheni, kisha kuanzia 2007 hadi 2010 akawa meneja mkuu wa Phoenix. Huko alifanya uamuzi ambao mimi naona ulikuwa kosa: Februari 2008 alimleta Shaquille O'Neal kwenye timu iliyokuwa inaishi kwa kukimbia. Senta mzito, yaani mtu mrefu wa kucheza karibu na kikapu, kwenye timu ya mbio. Msimu ulipoisha kocha Mike D'Antoni akaondoka.

Golden State Warriors wakampa timu mwaka 2014. Wengi husema alikuta Stephen Curry na Klay Thompson tayari, basi kazi ilikuwa rahisi. Walikuwepo, kweli, ila msimu uliotangulia timu hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye ligi kwa idadi ya pasi. Mpira ulikaa mkononi mwa mtu mmoja, wanne wakitazama. Kerr akaweka lengo la pasi 300 kwa mechi.

Hapa naomba tuende polepole, hasa mnaofundisha, tutazame mchezo mmoja wa pasi hizo. Mpira unapelekwa kwa mtu mrefu, tuseme Draymond Green, karibu na pembe ya mstari wa mtupo huru. Aliyetoa pasi, Curry, hasimami kupumzika: anakwenda kumwekea skrini Thompson, yaani anasimama njiani kumzuia beki wake. Kuanzia hapo hakuna amri ya kocha, kuna kusoma. Beki wa Thompson akimfuata mgongoni, Thompson anakata kuelekea kikapu. Beki akipita chini ya skrini, Thompson anatoka nje kwa pointi tatu. Mabeki wakibadilishana watu, Curry mwenyewe anateleza ndani kabla hawajamaliza kubadilishana. Green anaangalia wote wawili na kumpa aliye wazi.

Mchezo huu huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, skrini inawekwa kabla mtu mrefu hajaushika mpira vizuri, kwa hiyo mkataji anafika kikapuni na pasi haipo. Ya pili, wenzao wawili walio upande wa pili wa uwanja wanasogea ndani kutazama, na mabeki wao wanaziba njia. Waambieni wabaki kona, miguu nje ya mstari. Na mjue gharama yake: pasi nyingi huleta mipira mingi inayopotea, na ugonjwa huo Warriors hawajawahi kupona.

Sasa benchi. Andre Iguodala hakuwahi kutokea benchi katika maisha yake ya NBA hadi Kerr alipomwomba. Msimu mzima wa 2014–15 hakuanza hata mechi moja. Fainali zikafika, Cleveland wakaongoza 2–1. Kwenye mechi ya nne Kerr akamtoa senta Andrew Bogut kikosi cha kwanza, akamwanzisha Iguodala. Wakaanza vibaya, 7–0, lakini hakurudisha nyuma uamuzi. Wakashinda 103–82, wakatwaa ubingwa kwa 4–2, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Mfano wa mwisho unatuhusu zaidi sisi wa ukanda huu. Julai 2024, London, Sudan Kusini ilifungwa na timu ya taifa ya Marekani, iliyofundishwa na Kerr, kwa pointi moja tu, 101–100, mechi ya kirafiki. Wachezaji wale warefu wenye mbio walimsumbua senta wa Marekani, Joel Embiid, alipovutwa mbali na kikapu. Siku kumi na moja baadaye, kwenye Olimpiki huko Lille, Kerr hakumwingiza Embiid hata dakika moja. Anthony Davis akaanza, Bam Adebayo akatoka benchi na pointi 18, Marekani ikashinda 103–86. Mechi moja kabla ya hapo, dhidi ya Serbia, aliyekaa bila kugusa uwanja ni Jayson Tatum, bingwa wa NBA wa msimu uleule. Dhidi ya Sudan Kusini, Tatum akaanza.

Haya, maswali.