Nyumba za Reli na Maegesho ya Stesheni kwa Uwiano wa 1:87

Karibuni, watazamaji. Leo tunajenga nyumba mbili za wafanyakazi wa reli na maegesho ya magari mbele ya stesheni, vyote kwa uwiano wa 1:87, yaani kipimo cha reli za mfano kinachoitwa HO. Vifaa ni vya kawaida: kadibodi ngumu ya milimita 1.5, foili, msasa, gundi nyeupe ya mbao, rangi za akriliki na udongo. Kisu kiwe na wembe mpya, na rula iwe ya chuma.

Stesheni yenyewe ni ya kubuni, lakini nimeipa mahali na mwaka: njia ya Mombasa kwenda Nairobi, jirani na Voi, 1975. Nakuomba na wewe uamue mwaka kabla hujakata chochote, maana mwaka ndio unaokuambia nini kiwepo na nini kisiwepo. Mwaka 1975 njia hii bado iko chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na zile injini kubwa za mvuke za Garratt, za daraja la 59, bado zinapita hapa. Kwa hiyo usiweke bodaboda wala tangi jeusi la plastiki. Kwenye maegesho tutaweka Land Rover moja na Peugeot 404 mbili, gari lililoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960.

Sasa vipimo. Shika namba moja tu: mita moja ni milimita 11.5. Ndiyo maana reli ya geji ya mita, yaani yenye mita moja kati ya chuma na chuma, kwa HO, hutengenezwa kwa njia ya milimita 12. Mimi huanza na mlango. Mlango wa mita 2.1 unakuwa milimita 24. Uchore, kisha simamisha kisanamu cha mtu kando yake, kama milimita 20. Akionekana anaweza kupita bila kuinama, endelea na ukuta: mita 2.7, sawa na milimita 31. Nyumba ya mfano ikikosea mlango, hata ukiipaka rangi vizuri vipi, jicho litaikataa.

Chora kuta zote juu ya kadibodi moja. Toboa madirisha kwanza, kabla ya kuutenga ukuta, kwa sababu kipande kikubwa hakichezi mkononi. Usikate kwa nguvu. Pitisha wembe mara nne au tano, ukianzia kwenye kona kuelekea katikati ya upande, na kona zitatoka safi. Vioo ni plastiki angavu ya maboksi ya mashati. Nondo za dirisha ni uzi wa kushonea uliopakwa gundi ukakauka ukakakamaa. Ndani paka nyeusi. Kwenye kila kona ya ndani bandika kijiti cha mraba ili kuta zisimame wima, kisha paka rangi nzito kwa kudonadona na brashi kuukuu, ukuta upate ngozi ya plasta.

Tukija kwenye paa, hapa sitaki tuharakishe, kwa sababu anayetazama reli ya mfano huitazama kutoka juu. Kitu cha kwanza anachokiona ni bati.

Bati la mikunjo la kawaida lina wimbi la takriban milimita 76. Ukigawa kwa 87 unapata chini kidogo ya milimita 1. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, ununue bolti ndefu ya M5 yenye nyuzi mwili mzima. Nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 0.8, karibu kabisa na tunachotaka. Chukua foili nene ya vyombo vya chakula cha kubeba, uilaze juu ya soli ya kandambili, kisha uviringishe bolti juu yake mara moja, kwa uzito wa mkono wote. Usirudie juu ya mistari ileile, itaharibika. Angalia kwa karibu hapa: mistari imelala upande kidogo, kwa sababu nyuzi za bolti nazo zimelala. Hiyo si hitilafu. Kata vipande ukifuata mistari, wala usifuate ukingo wa foili.

Kila bati liwe na upana wa milimita 9 na urefu wa milimita 34. Anza kubandika kutoka chini ya paa kwenda juu, bati la juu lilalie la chini, na ubavuni wimbi moja lipande juu ya jirani yake, kama fundi anavyoezeka. Acha ukingo mmoja uinuke kidogo. Kofia ya paa iwe ya mwisho.

Pulizia rangi ya kijivu ya kwanza, iache ikauke. Halafu kutu. Kila doa liwe na sababu. Kutu huanza kwenye matundu ya misumari, kwenye mapishano ya mabati na kwenye ncha za chini ambako maji hukawia. Chovya kipande kidogo cha sifongo kwenye rangi ya kahawia, kifute kwenye karatasi hadi kibaki na rangi kidogo sana, ndipo uguse. Bati moja liache likiwa jipya, ling'ae. Mwenye nyumba alilibadilisha mvua zilizopita. Chini ya kuta, kimo cha milimita 3 hadi 4, paka wekundu mwepesi wa tope linalorushwa na matone ya mvua.

Maegesho sasa. Lami yetu ni msasa wa maji, namba 400 au 600, uliobandikwa juu ya kadibodi. Rangi yake ya asili ni nyeusi mno. Lami iliyopigwa na jua la Voi ni ya kijivu, basi pitishia rangi ya kijivu iliyopunguzwa kwa maji mengi. Nafasi ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5, yaani milimita 29 kwa 57. Stesheni ndogo inatosheka na nafasi tano, na nyuma yake acha milimita 69 za kugeuzia. Mistari myeupe iwe na upana wa milimita 1 tu. Bana kwa teipu ya karatasi, paka, kisha ikwaruze taratibu pale magurudumu yanapopita. Nyufa chora kwa penseli kali. Matone ya oili yaweke upande ambao injini husimama, si katikati. Kingo za lami usizikate kwa rula. Zimegue kwa vidole.

Kabla ya gundi, pima nafasi ya treni. Garratt ya daraja la 59 ina urefu unaozidi mita 31, kwa uwiano wetu kama sentimita 36, na kwenye kona tumbo lake huegemea ndani huku ncha zikitoka nje. Ukiwa Nairobi, nenda Makumbusho ya Reli uione ile 5918, Mount Gelai, utaelewa ninachosema. Funga penseli katikati ya injini, isukume kwenye kona nzima, kisha rudia kwa ncha zote mbili. Mistari itakayobaki kwenye ubao ndiyo mipaka. Nyumba na maegesho vikae nje yake kwa milimita 5 angalau.

Sasa bandika. Udongo mwekundu ukaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo, uchuje kwa soksi ya nailoni, uunyunyize. Hakikisha unaziba kabisa ule mwanya chini ya ukuta, na uache kidogo uingie juu ya lami. Dondosha gundi iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, uache hadi kesho yake. Magari yaingie mwisho, bila gundi, ili uweze kuyahamisha utakavyo.