Badia Hakuwa Msichana

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyinyi vijana wa uuguzi, habari za jioni?

Tangazo lililobandikwa pale mlangoni linasema nitazungumzia "nyimbo za Kizungu za kuchangamsha moyo". Nimekubali, ila huo Uzungu mnisamehe. Wimbo nitakaoupigia debe leo ni wa Wamarekani weusi, Earth, Wind & Fire, na ulitoka Novemba 1978. Unaitwa "September". Wale wa enzi za disko toto wameshaanza kutikisa mabega, nawaona.

Sisi wa Tanga Kiingereza kilikuwa kinatupita juu ya vichwa. Kikifika kile kiitikio, ba-di-ya, tulisadiki kabisa kwamba jamaa anamwita msichana, Badia. Tulibishana hadi sura yake. Wengine mweupe, wengine maji ya kunde.

Nimekuja kujua uzeeni kwamba hata aliyeshiriki kuutunga aliuliza swali letu lile lile: ba-di-ya ni nini? Ni mwanamama Allee Willis, aliyeandika maneno pamoja na kiongozi wa bendi, Maurice White. Alimsihi White aiondoe hiyo ba-di-ya, watie neno linaloeleweka. White hakutaka. Haikuwa na maana, na ikabaki hivyo hivyo. Willis alisimulia baadaye kwamba siku hiyo alijifunza kutokubali maneno yaukwamishe mdundo. Na ile tarehe 21 inayotajwa mwanzoni? Alisema walijaribu tarehe nyingi, hiyo ndiyo ikakaa vizuri mdomoni.

Sasa nauliza: kama maneno ni kiinimacho, kinachotuinua ni nini?

Sikilizeni mwanzo wake. Gitaa la Al McKay linatangulia, na kisigino chako kimeshaanza kugonga sakafu kabla hujamjua mwimbaji. Mapigo yake ni kama 126 kwa dakika, mwendo wa mtu anayeiwahi daladala lakini hataki kuonekana anakimbia. Halafu matarumbeta: sauti ikisema, yanajibu, kama wanawake wanavyojibu kwa vigelegele harusini. Na ile ba-di-ya yenyewe, hebu itamkeni. Wote! Midomo inafumba, inaachia, inaishia kinywa wazi. Nani ameitamka huku amenuna? (Kicheko.)

Huyu White alikuwa mpiga ngoma kabla ya yote, na jukwaani alipenda kupiga kalimba, ndugu wa ile marimba ya vidole gumba ambayo Wagogo wanaiita ilimba, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose. Sisemi imo ndani ya "September". Nasema sikio lililotunga wimbo huu lilikuwa limeshapita kwetu.

Wapo wanaosema wimbo wa furaha lazima uwe na habari njema. Mchukueni "Stayin' Alive" wa Bee Gees, wa 1977. Ukifuata maneno yake, ni mtu aliyekwama mjini anayeomba msaada. Ngoma yake hata haikupigwa kwa ajili yake: mpiga drams hakuwepo, wakakata kipande cha utepe cha wimbo wao mwingine, wakakiunganisha kizunguke na kuzunguka. Leo nyinyi mnafundishwa kubinya kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na wimbo huu umo humo humo, kidogo juu ya 100. Ndiyo maana wakufunzi wengi hupenda kuutaja. Ila msiuimbe kwa sauti mbele ya ndugu wa mgonjwa, tafadhali.

Kuna wimbo mmoja sijapatana nao, "Happy" wa Pharrell Williams. Najua mnaupenda. Mwaka niliomzika mama, kijana wangu aliniwekea huo asubuhi akidhani ananisaidia. Nikamwambia azime. Ulinijia kama mgeni anayeingia msibani anapiga makofi.

Kosa halikuwa la wimbo, lilikuwa la saa. Wanaotibu kwa muziki walishaliona hilo. Ira Altshuler, daktari wa akili huko Marekani, miaka ya 1940 alieleza kwamba umwanzishie mgonjwa muziki unaofanana na hali aliyo nayo, kisha uubadilishe taratibu. Mimi sikumsoma Altshuler. Nilijikuta tu nimekaa na taarabu za polepole wiki nzima, nikalia nilivyotaka. Kisha nikapanda kidogo, kwa "Lovely Day" ya Bill Withers, ya 1977. Huyu bwana kabla ya kuimba alikuwa kiwandani, akitengeneza vyoo vya ndege. Mwishoni mwa wimbo anashika sauti moja kwa karibu sekunde 18 bila kupumua. Nikawa najaribu kumfuata. Siku ya kwanza niliishia sekunde sita, nikakohoa. Nyinyi wa hospitali mnajua maana ya kumfanya mtu avute pumzi ndefu bila kumwamrisha. Nilipofika kumi na moja, nikaona sasa naweza kuirudia "September", na mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona ni nani anacheza.

Haya. Viti visogezwe ukutani. Nataka kila mmoja aangalie mguu wake, aniambie ulianza kabla ya sauti ya mwimbaji au baada. Fundi mitambo, tupe Badia.