Misuli ya Sakafu ya Nyonga katika Umri wa Ujana

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Nimekuja kuzungumzia sehemu ya mwili ambayo wengi wetu hatuna hata jina lake la kila siku, nayo ni misuli ya sakafu ya nyonga. Misuli hii imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, mithili ya kitanda cha kamba, na juu yake hukaa kibofu cha mkojo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na, kwa wanawake, mji wa mimba. Wanaume nao wanayo na huwasumbua pia, ingawa leo nitasema zaidi kuhusu wanawake.

Naomba kila mmoja aketi wima, miguu yote miwili ikanyage chini, kisha avute pumzi polepole. Pumzi inapoingia, msuli mpana ulio chini ya mapafu hushuka na sakafu ya nyonga hushuka nao kidogo; pumzi inapotoka, vyote viwili hupanda. Sasa kohoeni mara moja. Kabla tu kikohozi hakijatoka, misuli ya chini hujikaza yenyewe pasipo kuamriwa, ili mrija wa mkojo ubaki umefungwa. Yeyote aliyehisi kitu kikisukumwa chini badala ya kuvutwa juu ana sababu ya kumwona mtaalamu.

Tumezoea kudhani kwamba kuvujwa na mkojo ni habari ya wazee na ya waliozaa. Ni kweli kwamba ujauzito na kujifungua kwa njia ya kawaida hutanua misuli hii kuliko jambo jingine lolote maishani, lakini wapo wasichana ambao hawajawahi kushika mimba na bado huvuja, hasa wanaocheza michezo ya kuruka kama sarakasi na voliboli, kwa kuwa kila wanapotua shinikizo la tumbo huiangukia sakafu hiyo kwa ghafla. Kikohozi cha muda mrefu na kufunga choo kwa miaka huleta madhara kama hayo. Msichana wa namna hii huanza kuchagua suruali nyeusi, huacha kunywa maji kabla ya mazoezi, hatimaye huacha mchezo wenyewe, wala hakuna aliyejua kwa nini.

Hata hivyo udhaifu ni upande mmoja tu, na upande wa pili ndio unaonisikitisha zaidi kwa sababu hausemwi. Ipo misuli isiyojua kulegea. Msongo wa mawazo, mazoea ya kuzuia haja, kubana tumbo kutwa nzima ili lionekane bapa, au maumivu ya zamani, vyote vinaweza kuifanya ibaki imekaza. Mwenye hali hii husubiri mkojo uanze, huhisi choo hakijaisha, au huumia wakati wa tendo la ndoa, na mara nyingi huambiwa avumilie. Nawasihi tuache kumwambia hivyo.

Mwaka 1948 daktari Mmarekani Arnold Kegel alichapisha maelezo ya mazoezi ambayo hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Unakaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, unavuta ndani na juu bila kubana makalio wala kuzuia pumzi, kisha unalegeza kabisa kabla ya kurudia. Aliye na udhaifu hushauriwa kukaza angalau mara 8, awamu 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Asiyafanye kwa kukatiza mkojo chooni kila siku, kwani kibofu huenda kisimwage chote. Lakini mwenye misuli iliyokwisha kukaza akiyafuata mazoezi hayo hayo anaweza kujizidishia maumivu. Yeye aanze kwa kujifunza kulegeza, kupitia ile pumzi tuliyovuta pamoja. Ndiyo maana ni muhimu kupimwa kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa ridhaa yako, na kumweleza bila kuzunguka: mkojo hunitoka ninaporuka, au, naumia hapa.

Akitokea mtu aliyepata ganzi ya ghafla katikati ya mapaja, akashindwa kukojoa au kuzuia haja, huyo asisubiri miadi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.