Ukumbi Si wa Harusi Peke Yake

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Mmejua nitafika kwenye kumbi za mitaa, na nitafika, maana kila nikizitaja mnanipigia makofi kisha mnarudi nyumbani kutazama simu.

Wenzangu wa Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi, sina haja ya kuwaeleza konsati, ile michezo ya vichekesho na muziki ya enzi za ukoloni. Jumamosi jioni, ukumbi wa Kaloleni, watoto chini mbele, wazazi kwenye mabenchi nyuma. Mtoto alilipa senti 10, ile peni yenye tundu katikati. Tuliitia uzi tukaivaa shingoni isipotee njiani. Alikuwako mpiga kodiani, alikuwako mtu wa mazingaombwe, lakini sote tulimngoja mchekeshaji. Koti limemfika magotini, uso kaupaka unga. Siku hiyo alikuwa mume mlevi aliyeficha mshahara ndani ya kofia. Mkewe, mwanamume aliyevaa rinda, akampekua mifuko yote asipate kitu. Mama mmoja kule nyuma uvumilivu ukamwisha: "Iko kwa kofia!"

Mchekeshaji akageuka polepole. "Mama, umetumwa na mke wangu ama na mwenye duka?"

"Mwenye duka ni mimi!"

Watu hawakuwa na mbavu. Mlevi akashuka jukwaani, akampigia mama magoti amwongezee siku za kulipa deni la unga. Mama akakataa katakata! Jumamosi iliyofuata, mwenye duka alikuwa ameshatiwa mchezoni. Sasa niambieni, mchezo huo aliutunga nani?

Televisheni ilipokuja 1962, mitambo ikiwa kwenye nyumba ya shambani huko Limuru, sisi tuliitazama baadaye, dirishani kwa jirani mwenye nacho. Wachekeshaji wakahamia huko. Siwalaumu, mtu hufuata riziki. Mmoja akauliza swali, akanyamaza kidogo kama alivyozoea ukumbini. Sisi pale dirishani tukamjibu kwa sauti moja. Akaendelea na yake.

Najua kuna kijana hapa anasema moyoni, huyu mzee anatamani ukoloni. Sitamani! Kaloleni ilijengwa miaka ya 40 kwa wafanyakazi Waafrika waliotengewa upande huu wa mji. Mwaka 1952 jumba la kitaifa la maigizo likafunguliwa kule mjini, na hakuna aliyepita mtaani kwetu kutualika. Hayo yote nayajua. Yule mama bado alikuwa na haki ya kupiga kelele, na aliipata wapi kwingine?

Wala msiniambie kuna tamasha la maigizo la shule. Lipo tangu 1959, nalipenda, lakini mtoto pale anaigizia waamuzi wenye kalamu. Mwamuzi hasemi neno kuhusu kofia.

Leo ukumbi wa mtaa wangu una harusi Jumamosi na ibada Jumapili. Siku nyingine ni kufuli. Mtu akiniambia pesa hakuna, namuuliza kufuli ilinunuliwa na nini.

Nilitaka kusema pia juu ya wapiga gitaa, na taa, na paa linalovuja, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kabla ya chai: karatasi ya wanaojitolea kusimamia konsati iko pale mlangoni. Mpaka sasa ina majina mawili, langu na la bwana mmoja anayejiandikisha kila mwaka na haji.