Mikono ya Dinger, Kabla ya Mashine

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 70, na tunataka kujua tekno na hausi, muziki wa klabu unaotengenezwa kwa mashine, zilichota nini kwa bendi za roki za majaribio. Baraka, kila ninayemuuliza swali hili ananijibu neno moja tu, Kraftwerk, ile bendi ya Düsseldorf. Walileta mashine, basi, yameisha.

BARAKA: Kraftwerk wanastahili heshima yao yote. Ila hata wao hawakuanza na mashine. Albamu yao ya kwanza ya 1970 ina filimbi, ogani na ngoma za kupigwa na mtu. Mmoja wa waliopiga ngoma humo ni Klaus Dinger. Yeye na mpiga gitaa Michael Rother walipitia Kraftwerk kwa muda mfupi, wakajitoa, na mwaka 1971 wakaunda bendi yao, Neu!, hapo hapo Düsseldorf. Huyo Dinger ndiye ninayetaka tukae naye leo.

REHEMA: Ana nini cha pekee?

BARAKA: "Hallogallo", wimbo wa Neu! wa 1972. Dakika 10. Snea, ile ngoma ya mlio mkali, inaanguka kwenye pigo la pili na la nne, hi-hati, yale matoazi mawili ya kufunguka na kufunga, inatembea bila kupumzika, na mkono haubadiliki. Roki ya Uingereza na Marekani ilikuwa na taratibu zake: beti, kiitikio, solo, kisha mlipuko. Kiitikio kikikaribia, mpiga ngoma anazunguka na vijiti vyake kwenye ngoma zote ili ujiandae. Dinger hakuandai kwa lolote, kwa sababu hakuna kinachokuja. Uko barabarani, unakwenda.

REHEMA: Na haichoshi! Nimeisikiliza kwa hedifoni, nikategemea nitaichoka dakika ya tatu. Wapi. Magitaa ya Rother yanaingia tabaka juu ya tabaka, mengine yamerekodiwa yakageuzwa kinyumenyume. Sikio likishakubali kwamba ngoma haitabadilika, linaanza kushika vitu vidogo vidogo.

BARAKA: Na ndivyo mtu anavyosikiliza tekno. Aliyeko klabuni saa tisa usiku hangojei kiitikio. Hi-hati ikifunguka kidogo tu, ukumbi mzima unasikia.

REHEMA: Hapo nikupinge kidogo. Mdundo usiokatika haukuzaliwa Düsseldorf. James Brown, yule mwimbaji wa fanki wa Marekani, alikuwa ameshaufikia. Na ngoma zetu huku Afrika, watu wanakesha kwa mdundo mmoja tangu enzi na enzi.

BARAKA: Nakubali bila ubishi. Hata Detroit, Marekani, vijana walioanzisha tekno, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walilelewa na fanki. May aliwahi kuueleza muziki wao kuwa ni George Clinton, gwiji wa fanki, na Kraftwerk waliokwama kwenye lifti moja. Clinton yumo, tena kwa uzito ule ule. Ninachosema mimi ni hiki: Wajerumani hawa waliuchukua mdundo unaorudia, wakauondolea mwimbaji kiongozi na ile haja ya kufika kileleni, wakaacha safari peke yake. Na cha pili, walifanya studio iwe chombo cha muziki.

REHEMA: Hapo ndipo Can wanapoingia.

BARAKA: Can, bendi ya Cologne. Holger Czukay na Irmin Schmidt walikuwa wanafunzi wa mtunzi wa muziki wa majaribio Karlheinz Stockhausen, na mpiga ngoma wao, Jaki Liebezeit, alitoka kwenye jazi huria. Walikuwa wanapiga kwa saa nyingi huku tepu zikizunguka, halafu Czukay anakaa na tepu zile anazikata na kuziunganisha hadi wimbo unapatikana. Yaani wimbo ulikuwa unatungwa baada ya kupigwa.

REHEMA: Prodyuza wa leo anafanya hivyo hivyo kwenye kompyuta.

BARAKA: Sasa usikie ya Neu! 2, albamu yao Neu! ya 1973. Wako studio, fedha zimewaishia, upande wa pili wa santuri bado mtupu. Walikuwa na singo yao iliyokwishatoka, "Neuschnee" na "Super". Wakaichukua hiyo hiyo, wakairekodi ikizungushwa kwa kasi tofauti, kwa mizunguko 78 kwa dakika, na 16. Wakaujaza upande nayo.

REHEMA: Wanunuzi lazima walihisi wameibiwa.

BARAKA: Wapo waliolalamika. Lakini sikiliza "Super 16". Gitaa limevutika mpaka limekuwa zito kama matope, sauti imeteremka shimoni. Wimbo ule ule, kitu kingine kabisa. Leo tungeita rimiksi na hakuna ambaye angeshangaa. Mimi upande ule naupenda kuliko wa kwanza, na najua wengi hawatakubaliana nami.

REHEMA: Mimi ndiye wa kwanza kutokubali. Haya, tuvuke bahari.

BARAKA: Kuvuka kwenyewe kunajulikana. 1982, New York, dijei Afrika Bambaataa na prodyuza Arthur Baker wanatoa "Planet Rock". Melodi ni ya "Trans-Europe Express" ya Kraftwerk, mdundo umetokana na "Numbers" yao pia, vyote vimepigwa upya, ngoma zikitoka kwenye mashine ya Roland TR-808. Hilo limesimuliwa sana. Linalonigusa zaidi ni la Manuel Göttsching.

REHEMA: Wa Ash Ra Tempel.

BARAKA: Bendi ya magitaa makali, Berlin, 1970. Tarehe 12 Desemba 1981 Göttsching amejifungia peke yake studio. Anawasha sikwensa, mashine inayorudia noti zilizopangwa, mikusanyiko miwili tu ya noti (chord) inapokezana, anacheza kwa karibu saa nzima bila kusimama. Gitaa analiingiza nusu ya pili. Hakukata, hakurudia. Ikatoka mwaka 1984 kwa jina la E2-E4, ile hatua ya kufungulia sataranji.

REHEMA: Nani aliinunua?

BARAKA: Wachache. Lakini ilifika New York, na dijei Larry Levan akawa anaipiga kwenye klabu ya Paradise Garage, mbele ya wachezaji ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi na Walatino. Hebu fikiria: mpiga gitaa wa roki, Mjerumani, hakutunga kitu cha kuchezwa, na watu wanacheza! Mwaka 1989 Waitalia wakaisampo, yaani wakachota kipande chake, kwenye "Sueño Latino", ikawa hausi. Derrick May akaifanyia rimiksi hiyo. Mwaka 1994 Carl Craig wa Detroit naye akatoa "Remake" juu ya msingi ule ule.

REHEMA: Kwa hiyo mpiga gitaa mmoja, jioni moja, na vizazi viwili vya madijei.

BARAKA: Na gitaa lile, ukilisikiliza vizuri, bado linapigwa kama roki. Anavuta nyuzi, anachelewa kidogo nyuma ya mdundo. Mashine haimsubiri, naye hajali.

REHEMA: Anayeanza leo, aanzie wapi?

BARAKA: "Hallogallo" kwanza. Halafu "Autobahn" ya Kraftwerk, ya 1974, aisikilize yote, dakika 22. Kisha E2-E4 kwa hedifoni nzuri, na simu aizime.

REHEMA: Mimi nitaongeza Tago Mago ya Can, ya 1971. Aanze na "Halleluhwah", afuate ngoma za Liebezeit mwanzo mpaka mwisho, halafu atuandikie amesikia nini.