J'aurais dû, j'aurais pu: hiyo "ningali" ya Kifaransa mnayoniuliza kila siku

Haya wapendwa, habari zenu. Leo sikupanga kurekodi, ila swali limekuwa ni lilelile. Nikiweka video ya sokoni, nikiweka ya baridi, chini yake nakuta: "Dada, hiyo j'aurais unayoitajataja ni nini? Kitabu changu kina aurai, aurais, aurait, sielewi hata moja." Wengine wameuliza mpaka wakakasirika, wakaandika kwamba nina maringo, sijibu watu. Sina maringo jamani. Nafanya zamu za jioni, nikirudi ni kulala.

Na najua nikijibu, kuna watakaosema najionyesha, kakaa Ulaya kidogo anataka kuwa mwalimu. Wengine watasema nalalamika, kama pagumu si arudi. Na ndugu zangu wa Goma, Bukavu na Bujumbura mtasema haya mliyamaliza darasani. Ni kweli, nyinyi mmesomeshwa kwa Kifaransa, basi nisaidieni kujibu watu kwenye komenti. Video hii ni ya sisi tuliotoka Tanzania na Kenya, tuliojifunzia ukubwani kwa hela zetu wenyewe, na hela ya kozi hapa Ufaransa si mchezo.

Sianzi na je suis, tu es. Mnaijua. Passé composé, ile ya kusema jambo lililokwisha, nayo mnaijua: j'ai parlé, nimesema, je suis allée, nimekwenda. Basi hii inayoitwa conditionnel passé ni hiyohiyo, unabadilisha kile kitenzi kisaidizi cha mwanzo tu. J'ai inakuwa j'aurais, je suis inakuwa je serais. J'aurais parlé, ningalisema. Je serais allée, ningalikwenda. Vitenzi vilivyochukua être, yaani ile je suis, kule vinachukua être na huku, pamoja na vile vya se: je me serais levée. Ile e ya mwanamke inabaki palepale, mimi naandika je serais venue, kaka yangu ataandika je serais venu. Ukikanusha, ne na pas vinakibana kisaidizi: je ne serais pas venue. Umbo limekwisha hapo. Hilo peke yake halistahili mtu akutoze hela.

Penye kazi ni sentensi yenye "kama", ambayo Wafaransa huisema kwa neno lao "si". Kiswahili chetu kinasema: "Ningalijua, nisingalikuja." Ngali huku, ngali kule, pande zote mbili sawasawa. Hata ukitumia nge, kama wengi tunavyofanya siku hizi, bado ni nge na nge. Kwa hiyo mtu anayewaza kwa Kiswahili atasema si j'aurais su, je ne serais pas venu, na ataona amepatia kabisa. Mfaransa atakuelewa, lakini sikio lake litaruka. Wana msemo wanaofundishia watoto wao shuleni: les si n'aiment pas les -rais. Upande wa si hauingii hiyo -rais hata siku moja. Hapo unaweka plus-que-parfait, ile ambayo j'ai inakuwa j'avais: si j'avais su. Ndipo upande wa pili unasema je ne serais pas venue. Chukua hiyo moja, Si j'avais su, je ne serais pas venue, irudie ukiwa kwenye basi, ukiosha vyombo, mpaka ulimi ukatae kusema vingine. Na kama matokeo yako mpaka leo, upande wa pili unatumia conditionnel ya kawaida, je parlerais, ningeongea: Si j'avais appris le français à l'école, je parlerais mieux aujourd'hui. Lile la kujifunza lilipita zamani, kuongea ni kwa sasa.

Lakini hilo silo lililonifanya niwashe kamera. Mnaniuliza kana kwamba hii ni sarufi ya kujutia mapenzi. Mimi nimekutana nayo zaidi kwenye barua. Ukikaa hapa utaletewa barua imeandikwa vous auriez dû. Ulipaswa kufanya kitu, nao wanasema hukufanya. J'aurais dû ninajilaumu mwenyewe. Tu aurais pu m'appeler ni mwenzako kazini anakulaumu, ungeweza kunipigia. Vous auriez dû yenye nembo ya ofisi juu, soma taratibu, maana mara nyingi kuna hela yako inatafutwa humo.

Mimi nilihama nyumba. Wakala aliyekuwa anasimamia ile nyumba simtaji jina. Nilikuwa nimeweka dépôt de garantie, hela ya dhamana, kodi ya mwezi mzima. Sheria ya hapa inasema hivi: kama état des lieux ya kutoka, yaani ile karatasi ya ukaguzi wa nyumba, inalingana na ya kuingia, hela irudi ndani ya mwezi 1, kama kuna tofauti, miezi 2. Miezi ikapita. Nikipiga simu, subiri. Nikiandika barua pepe, kimya. Halafu inakuja barua: Vous auriez dû nettoyer le four. Eti nilipaswa kusafisha oveni, kwa hiyo wamekata hela ya usafi. Hiyo oveni niliisugua kwa mikono yangu usiku kucha! Na mtu wao alikuja, akapita chumba kwa chumba, akaifungua hiyo oveni, akasaini karatasi bila kuandika kasoro yoyote.

Ningejibu j'ai nettoyé le four, ingekuwa neno langu na neno lao, na wao ndio wameshika hela. Nikaandika: Si le four avait été sale, vous l'auriez noté dans l'état des lieux de sortie. Kama oveni ingalikuwa chafu, mngaliandika kwenye karatasi ya kutoka. Karatasi hii hapa, mmesaini, haina kitu. Mnaona ilivyokaa? Avait été upande wa si, auriez noté upande wa pili, na ile l', yaani hiyo oveni, imekaa mbele ya kisaidizi. Nikatuma kwa lettre recommandée avec accusé de réception, barua ya rejista ambayo wakiipokea wanasaini. Hela ikarudi. Ila sheria inasema pia wakichelewesha, kila mwezi unaoanza wanaongeza asilimia 10 ya kodi ya mwezi. Hiyo sijaiona mpaka leo, na inaniuma, kwa sababu mimi nikichelewa kulipa kodi hakuna anayenisubiri.

Sasa mwenye ile aurai na aurais, wewe ulikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Masikioni watu wengi hapa wanazitamka sawa. Kwenye maandishi ni herufi moja tu, s, nayo ni nzito. J'aurai envoyé le document avant vendredi: kabla ya Ijumaa nitakuwa nimeshatuma, hiyo ni ahadi. J'aurais envoyé le document: ningalituma, ila kuna kitu kilizuia. Unapoandikia ofisi yenye faili lako, isome sentensi tena uone hiyo s ipo au haipo. Wenye faili hawakujui, wanakijua ulichoandika.

Kuna mahali pengine inatumika ambapo haina lawama, dirishani ofisini. Ukifika unasema J'aurais voulu savoir où en est mon dossier, ningependa kujua faili langu limefika wapi. Hujutii chochote, unauliza kwa heshima. Si na sisi tunasema "nilikuwa naomba kuuliza" wakati tunaomba sasa hivi? Ni adabu ileile. Kwa macho yangu nimeona anayeanza na je veux, nataka, akijibiwa kwa mkato, na anayeanza na j'aurais voulu akitazamwa usoni. Siwaahidi kwamba faili litasogea. Faili halisogei kwa sarufi.

Na hii tafadhali wale wa magrupu ya WhatsApp mnisikilize vizuri. Ukisoma kwenye gazeti Le ministre aurait démissionné, haimaanishi waziri amejiuzulu. Wala haimaanishi angejiuzulu. Maana yake inasemekana amejiuzulu, gazeti limesikia na halijathibitisha. Waandishi wa habari wa Kifaransa wanaitumia hivyo kila siku: le suspect aurait quitté le pays, inadaiwa mtuhumiwa ameondoka nchini. Mtu anapitisha hiyo kwenye programu ya tafsiri au anatafsiri harakaharaka, anaandika kwenye grupu "imethibitishwa," na kabla ya jioni watu wanaulizana kama watoe hela au wasitoe. Nimeona watu wakipoteza hela kwa sababu ya aurait moja. Ukiiona kwenye kichwa cha habari, weka "inasemekana" mbele, ndipo upeleke kwenye grupu. Au usipeleke.

Mmeuliza pia kama ni lazima kuijua kwa ajili ya makaratasi. Kwa sheria ya Januari 2024, tangu tarehe 1 Januari 2026 kadi ya kuishi hapa ya miaka kadhaa inadai Kifaransa cha ngazi ya A2 (ngazi zinapanda A2, B1, B2), kadi ya mkaaji ya miaka 10 inadai B1, na uraia unadai B2. Wapo wanaosamehewa, angalia hali yako kwenye tovuti ya serikali, si kwangu. Kwenye madarasa conditionnel passé huja kati ya B1 na B2. Wewe wa A2 usikeshe nayo, weka nguvu kwenye passé composé. Wewe wa B2 huikwepi, maana utaambiwa utetee hoja, na huwezi kujenga hoja kuhusu jambo lililopita bila kusema kama hivi isingalikuwa, vile isingalitokea.

Hayo ni yangu mimi, kwa kazi yangu na muda wangu. Kuna aliyejifunza kwa redio, kuna aliyelipa mwalimu, kuna aliyeolewa humuhumu akaipata mezani kwa mama mkwe. Usije ukaacha kozi yako ukasema yule dada alisema. Na mliokutana na j'eusse su kwenye vitabu vya zamani, ile ni sura ya pili ya hiihii. Itambue ukiisoma, mdomoni hakuna anayeisema.

Mwenye barua yenye auriez dû aiandike kwenye komenti, ile sentensi tu, tuisome pamoja na tumwandikie jibu. Msiweke picha ya barua nzima. Mkiiweka, futeni kwanza jina, anwani na namba ya faili, kwa sababu wiki iliyopita kuna mtu aliweka yote na ikabidi niifute mwenyewe saa sita usiku.