Ukioka machubwi, yalale juu ya nini?

Habari zenu. Kabla sijawasha kitu, tazama hiki nilichoshika. Ni chubwi la gramu 60, yaani kizito cha madini ya risasi cha kuzamisha mshipi wa kuvulia samaki, nimelisubu mwenyewe na kulipaka rangi ya unga. Upande huu rangi imetulia, inang'aa. Sasa naligeuza. Umeona tumbo lake? Limechunika. Vipande vya foili vimegandamana na rangi, na rangi nyingine imebaki kwenye foili. Nilijaribu kukwangua kwa kisu nikazidi kuliharibu.

Rangi ilikuwa nzuri, oveni ilikuwa sawa. Kilichoniponza ni pale nilipolilaza.

Rangi ya unga ni plastiki iliyosagwa. Ikipata joto haikauki hapo hapo. Kwanza inayeyuka, inakuwa kama gundi nzito, ndipo inaanza kushikana na kuwa ganda gumu. Katika dakika zile za ugundi, chochote inachogusa inakidaka. Ndiyo maana nimeamua video hii nzima iwe ya kitu ambacho wengi wanakiacha mwisho, yaani kile utakachotandika chini ya machubwi.

Ya usalama nayasema mara moja, kwa hiyo yashike. Oveni hii ndogo ni ya kazi hii peke yake. Ikishaingia risasi hairudi jikoni, hata uioshe vipi. Vaa glavu, vaa barakoa ukiwa na unga, fanya kazi mahali penye hewa, na watoto wakae mbali. Osha mikono kabla ya kushika chochote cha kula. Pia usidhani ukishapaka rangi risasi imeacha kuwa risasi. Uingereza ilizuia machubwi ya risasi ya gramu 0.06 hadi 28.35 tangu 1987, kwa kuwa batamaji walikuwa wakiyameza na kufa. Kwa hiyo jua sheria ya maji unayovulia.

Haya, kazi. Yafute machubwi kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, mbali na moto, na uyaache yakauke kabisa. Ukishayafuta usiyashike tena kwa vidole vitupu. Alama ya kidole ina mafuta, na unga hauipendi.

Washa oveni ikiwa tupu, weka kipimajoto ndani, palepale machubwi yatakapokaa. Usiamini kitufe. Hiki changu kinasema 200, kipimajoto kinasema 215, na nyaya zikiwaka kwa nguvu kinapanda zaidi. Rangi nyingi za unga zinataka kati ya nyuzi 180 na 200. Soma kopo la yako.

Hapa nisimame kidogo. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzi 327, kwa hiyo oveni hii haiwezi kuifanya chochote. Lakini sisi wasubuji tunaokota kila kitu. Mimi niliwahi kutia mabaki mengi ya lehemu ya mafundi umeme kwenye chungu. Lehemu ile, bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Nilipofungua oveni nikakuta machubwi yameinama kama mishumaa iliyosahauliwa juani. Kwa hiyo kama hujui risasi yako imechanganywa na nini, oka moja kwanza, peke yake, kabla ya kuweka trei nzima.

Unga wenyewe ni rahisi. Kopo la plastiki, vigololi vidogo vya plastiki, kijiko kimoja cha unga, machubwi machache, kisha tikisa kwa dakika moja hivi. Msuguano unazaa umeme na unga unajishika wenyewe. Siku ya unyevunyevu utashika kwa shida, usijilaumu. Toa moja moja kwa kibano, gonga kibano pembeni ya kopo unga wa ziada udondoke. Unga ukiwa mnene sana utashuka na kuning'inia kitone chini.

Sasa chini ya chubwi.

Foili ya kawaida umeshaiona. Iweke juu ya trei kukinga matone, lakini chubwi lisiilalie. Ipo foili nyingine yenye utando usionata upande mmoja, na hiyo inafaa, mradi upande wenye utando ndio utazame juu. Kifungashio kinasema ni upi. Ukigeuza kimakosa umerudi kwenye kidonda kile kile.

Karatasi ya kuokea ndiyo ninayoitumia kwa machubwi bapa yasiyo na kitundu. Imepakwa silikoni, rangi haiishiki. Lakini kuna ndugu yake anayefanana naye sana, karatasi ya nta, na huyo akiingia humu atatoa moshi na kuacha nta kwenye kazi yako. Namna ya kuwatofautisha ni hii: pitisha ukucha kwa nguvu juu ya karatasi, hivi, kisha uutazame ukucha. Kama kuna kitu cheupe kama sabuni kimejikusanya chini yake, hiyo ni nta. Hii yangu haina kitu, unaona, ukucha umetoka mkavu.

Karatasi ina mambo mawili. La kwanza, kiwango chake cha joto kimeandikwa kwenye boksi, mara nyingi karibu na nyuzi 220, kwa hiyo oveni inayopandapanda itaibabua. Ikate iwe ndogo kuliko trei, kingo zisijikunje kwenda kugusa nyaya. Karatasi inashika moto. La pili, tumbo la chubwi litanakili chochote kilicho chini yake. Karatasi ikiwa na kunyanzi, chubwi litakuwa na kunyanzi. Mimi huinyoosha kwenye ukingo wa meza, nikaibana kwa machubwi yenyewe kwenye kona.

Mkeka wa silikoni unatoa tumbo laini kuliko vyote vya kulaza, na unautumia tena na tena. Hasara yake ni unene. Joto la chini linachelewa kupenya, juu kunakuwa kumeiva wakati tumbo bado. Ukiutumia, ongeza dakika chache. Na usitumie kisu kubandua chochote juu yake, ukiuchana rangi itaingia kwenye mchano na kushika hapo kila mara.

Kuna watu wanatandika karatasi ya tefloni, ile ya kahawia inayoteleza. Inafanya kazi vizuri na inadumu. Ila isipite nyuzi 260, kwa maana ikiungua moshi wake ni mbaya, unaua hata ndege wa kufugwa ndani ya nyumba. Kwa oveni isiyo na kipimajoto mimi siiweki.

Wavu wa waya nao una wapenzi wake. Hewa ya moto inapita chini na juu, chubwi linaiva sawasawa. Lakini angalia hili nililooka juu ya wavu: mistari miwili ya vidoa, kila waya ulipogusa pamebaki risasi tupu. Kwa chubwi litakalogongwa na mawe baharini wiki nzima, pengine hujali. Mimi najali, kwa sababu maana ya kupaka ni kuifunika risasi, na kidoa ndipo ganda linapoanza kubanduka.

Tukafika kwa ninachokipenda. Chubwi lisilalie kitu.

Machubwi mengi yana kitundu au kipete cha kupitishia mshipi, sasa kwa nini uyalaze? Chukua waya mwembamba, ukunje mfano wa herufi S, upande mmoja upite kwenye kipete, mwingine ushike kwenye wavu wa juu wa oveni. Fanya hivyo kabla ya kupaka unga, maana ukilishika baada ya kupaka umeshalichafua. Shika waya, tumbukiza, tikisa polepole, tundika. Acha nafasi ya kidole kati ya moja na jingine, na yasikaribie nyaya za moto. Foili ya kawaida itandike chini, hapo ndipo kazi yake.

Kwa machubwi ya duara yenye tundu katikati natumia spoki ya baiskeli. Natunga matatu au manne, yasigusane, nalaza ncha za spoki juu ya vipande viwili vya chuma. Shida yake ni kwamba rangi itataka kuungana na spoki ndani ya tundu. Dawa ni kuzungusha. Yakishaiva, yakiwa bado na uvuguvugu lakini ganda limeshika, shika spoki kwa plaizi, na chubwi kwa glavu nene, uzungushe nusu mzunguko. Utasikia kamlio kadogo, *tik*, limeachia. Ukisubiri yapoe kabisa utavuta na rangi pamoja.

Muda. Usianze kuhesabu ulipofunga mlango. Chungulia kupitia kioo: kwanza unga ni mkavu kama vumbi, halafu unaanza kuwa na giza, halafu ghafla unang'aa kana kwamba umelowa. Hapo ndipo anza kuhesabu dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Langu linasema 10. Chubwi la gramu 200 linachukua muda mrefu kufika hapo kuliko la gramu 20, kwa hiyo usiyaoke pamoja. Nimeshafanya, madogo yakabadilika rangi makubwa yakiwa bado vumbi.

Yakitoka, yaache yaning'inie. Ganda likiwa la moto bado ni laini na litachukua alama ya kidole chako.

Sasa tuyajaribu, na jaribio linalazimu kupoteza moja. Naliweka juu ya chuma, nyundo, moja, mbili. Limekuwa bapa kama sarafu, na rangi imetanuka nalo bila kupasuka. La pili nalifuta tumboni, siyo mgongoni, kwa kitambaa chenye asetoni, mara kumi. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, halikuiva, lirudishe ndani. Hiki changu, sogea karibu na kamera uone, kina kijani kidogo sana pembeni, na hilo lilikuwa la mkeka wa silikoni. Haya mengine ya waya hayakuacha kitu.